Mume wa Langoni

Nje ya lango la zahanati ile, mume alikuwa anapatikana kwa bei ya kilo moja ya sukari. Hakukuwa na posa wala mahari, wala wajomba wa kuridhishwa. Ulikuwa unawatazama vijana wa pikipiki waliojipanga kivulini kwenye ukuta, unamchagua mwenye shati safi, mnaingia wawili, na mkitoka ndoa imekwisha.

Utaratibu wenyewe ulianza kwa nia njema. Wakubwa walitaka wanaume nao wajue njia ya kliniki, ikatangazwa kwamba mwanamke aliyekuja na mwenzi wake apite mbele. Siku zikaenda. Kupita mbele kukawa ndiyo njia pekee ya kupita, na aliyekuja peke yake akawa anaambiwa, "Rudi na mwenzio." Hakuna aliyeweza kusema jambo lile liligeuka lini. Wanawake hawakubishana. Walichungulia nje, wakaona wanaume wamekaa bure, hesabu ikajipiga yenyewe.

"Mama, unatafuta usafiri au mume?" aliuliza kijana mmoja, hata hajainuka kwenye kiti cha pikipiki yake.

"Mume," alijibu Msusi. Mtoto wake wa tano alikuwa amelala mgongoni. "Lakini awe anajua kunyamaza."

"Hao ni adimu. Bei inapanda."

Wenzake waliangua kicheko. Huyu ndiye waliyemwita Bwana Harusi, kwa wingi wa ndoa zake za asubuhi. Msusi alimpima kwa macho kama anavyopima kichwa cha mteja kabla ya kushika chanuo. Kijana mwenyewe angeweza kuwa mdogo wake, lakini waliobaki walikuwa wadogo zaidi.

"Tuna watoto wangapi?" Bwana Harusi aliuliza walipokuwa wakivuka lango.

"Watano."

"Duh! Tumefanya kazi."

"Wewe umefanya nini? Funga mdomo, tembea."

Muuguzi wa zamu, ambaye mtaa mzima ulimwita Sista, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliipandisha puani, akamtazama Msusi, akamtazama kijana, akaishusha.

"Huyu ndiye mumeo?"

"Ndiye, Sista."

"Karibu baba. Jumatatu ulikuja na mke mjamzito. Amejifungua salama?"

Bwana Harusi alimeza mate. "Yule ni mke mkubwa."

"Na wa juzi, yule mrefu wa magongo?"

"Sista, mimi ni mtu wa familia."

Benchi zima lilicheka. Wanawake walipigana mabega, mmoja akajifuta machozi kwa kanga. Msusi hakucheka. Masikio yalimwaka moto, akahisi mtoto anaamka mgongoni.

"Toka wewe," Sista alimwambia kijana. Kisha akamgeukia Msusi, na sauti yake ikauma zaidi kwa kuwa aliishusha. "Na wewe, mtu mzima na heshima zako! Rudi na mwenzio wa kweli."

Langoni Bwana Harusi alinyoosha kiganja. Msusi alimkazia macho.

"Mama, talaka haifuti deni," kijana alisema kwa upole. Msusi akalipa.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini benchini pale alikuwepo Mama Mkaa, muuza mkaa wa mtaa wao, aliyempeleka mjukuu mwenye kikohozi. Mama Mkaa aliitwa ndani kabla Bwana Harusi hajafukuzwa, kwa hiyo aliondoka na habari nusu. Na habari nusu, kama wanavyojua wenye kuzisambaza, ni tamu kuliko nzima.

 

Fundi, mume wa kweli wa Msusi, alikuwa mtengeneza makochi. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara, mbele kumepangwa makochi yaliyovuliwa vitambaa, mbao na springi nje. Mama Mkaa alifika mchana uleule, kuuliza bei ya kochi ambalo hakuwa na nia ya kulinunua.

"Hili linakalia watu wangapi?"

"Watatu, mama. Wanne kama wanapendana."

"Eti wanapendana!" Alicheka, akapapasa kitambaa. "Mkeo hajambo? Nilimwona zahanati, yeye na yule mdogo wake wa pikipiki."

Fundi alikuwa na misumari midogo mdomoni. Aliitema kiganjani, mmoja mmoja. "Mke wangu hana mdogo wa kiume."

"Basi nimefananisha, mwanangu. Ingawa mwenyewe alimwambia Sista kwamba yule ndiye mumewe." Akajitanda kanga. "Lakini mimi simo."

Alipoondoka, Fundi aliendelea kugonga misumari. Aligonga hata pale palipokwisha gongwa. Kabla jua halijashuka, mshona viatu wa jirani alikuwa ameshampigia mluzi wa harusi, na mteja mmoja akamwuliza kama ni kweli siku hizi wana zamu. Fundi alifunga kibanda mapema, akapitia kwa kaka yake.

 

Kikao kilikaliwa sebuleni jioni ile, kwenye kochi ambalo lilikuwa aibu ya fundi yeyote: mguu mmoja umeegeshwa kwa tofali, kwa kuwa kochi la mwenye karakana huwa la mwisho kutengenezwa. Kaka Mkubwa, mwenye duka la simenti na mabati, alikaa katikati. Alikuwa mtu anayependa kuombwa ushauri, na asipoombwa huutoa. Bibi, mama yao, alikaa mkekani amenyoosha miguu. Watoto waliambiwa waende uani, wakaenda hadi nyuma ya pazia.

"Shemeji," Kaka Mkubwa alianza, "tunaomba maelezo. Kwa utulivu tu."

"Nimeambiwa una mume," Fundi akadakia.

"Ninaye. Huyo hapo amekaa."

"Usinifanyie mzaha, mama watoto! Mtaa mzima unanipigia vigelegele."

Msusi alikuwa ananyonyesha. Alimhamisha mtoto titi la pili, akafunika kifua, ndipo akajibu. "Yule kijana nilimkodi."

Kaka Mkubwa alimgeukia Fundi.

"Kumkodi afanye nini?" Bibi aliuliza polepole.

"Asimame, mama. Asimame tu. Sista hamhudumii mwanamke asiye na mume pembeni. Na wangu kila nikimwambia twende, ananijibu 'tutaongea.'"

Ilikuwa kweli. Neno lile lilikuwa limehamia ndani ya nyumba kama ndugu aliyekuja kutembea akasahau kuondoka. Msusi akilianzisha asubuhi, Fundi anasema tutaongea jioni. Jioni amechoka, tutaongea Ijumaa. Ijumaa kuna wageni. Fundi hakuwa mkali wala mlevi. Alikuwa mtu wa kuahirisha, na jambo hili halikuwa na subira ya kuahirishwa. Mtoto alikuwa ameanza kula vyakula vingine, kunyonya kumepungua, na mwezi ule siku za Msusi zilikuwa zimerudi. Vidonge alivyovizoea zamani daktari alimkataza kwa sababu ya presha.

"Nilikwenda kuwekewa kijiti," alisema. "Cha mkononi. Nipumzike kuzaa."

Bibi alijipiga paja. "Kijiti! Kinatembea mwilini kile! Kuna mwanamke aliwekewa mkononi, kikatokea gotini."

"Ulimwona, mama?"

"Nilisimuliwa."

"Na mimi siku niliyojifungua huyu, ulisimuliwa au uliniona?"

Bibi ndiye aliyekuwa ameshika kichwa cha mkamwana wake ndani ya gari, akimwita kwa majina yote anayoyajua ili asifumbe macho.

"Daktari aliniambia nikiwa bado natundikiwa damu ya watu," Msusi aliendelea. Hakupandisha sauti. "Alisema, ukibeba nyingine hivi karibuni usituletee lawama, maana huenda tusikuwahi. Nilikuambia, baba watoto. Ukasema Mungu yupo."

"Kwani hayupo?"

"Yupo. Na zahanati ipo."

Kaka Mkubwa alikohoa. "Shemeji, hayo ni mambo ya ndani. Tunazungumzia heshima ya mume mbele za watu."

"Nakuja huko, shemeji." Alimgeukia Fundi. "Nikuulize wewe mwenye kazi yako. Mtu akikuletea kochi lililomwagikiwa mafuta, unafanyaje?"

Fundi alikunja uso. "Nalisafisha."

"La mkojo wa watoto?"

"Nasafisha. Sponji yoyote inasafishika."

"Lile godoro nililolalia tukisubiri gari, ulilifanya nini?"

Fundi alitazama sakafu. Nyuma ya pazia mtoto mmoja alipiga chafya, hakuna aliyegeuka.

"Nakuuliza, baba watoto."

"Nililichoma."

"Kwa nini?"

"Halikusafishika."

"Basi kilichokushinda kukitoa kwenye lile godoro kilitoka kwangu."

Bibi alikusanya miguu yake, akaivuta chini ya kanga. Kaka Mkubwa alisubiri mdogo wake aseme neno. Alipoona halitoki, akatoa hukumu aliyokuja nayo tayari: shemeji aombe radhi, atulie nyumbani kwanza, na hili suala la kijiti watu wazima watakaa walitafakari. "Tutaongea," alimalizia.

Msusi alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu.

"Radhi naomba," alisema. "Kumchukua mtu barabarani nikamsimamisha mahali pako, baba watoto, nilikukosea, na walipokucheka walikucheka kwa ajili yangu. Hilo nisamehe. Kijiti sikiombei radhi. Kesho narudi kulekule, na safari hii sichukui mtu."

"Ukienda bila ruhusa yangu..." Fundi alianza.

"Malizia."

Sentensi ile haikupata mwisho.

 

Asubuhi zahanati ilikuwa imejaa. Msusi alipita mbele ya pikipiki bila kugeuza shingo.

"Mke wangu!" Bwana Harusi aliita. "Leo hata salamu?"

"Leo mimi ni mjane," alimjibu, akaingia.

Zamu yake ilipofika Sista alivaa miwani, akachungulia nyuma ya bega lake. "Mwenzio?"

"Nimekuja na mkono. Ndio utakaochomwa."

"Mama, tulishaongea. Huo ndio utaratibu."

"Sawa, Sista. Nitakaa hapa mpaka ubadilike."

Akakaa. Benchi lilimpisha. Pembeni yake alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani, naye kajibiwa vilevile sasa hivi. Alikuwa ameshashika mkoba kuondoka.

"Unakwenda wapi na kichwa hicho?" Msusi alimwuliza.

Mpishi alijishika kitambaa. "Kina nini?"

"Hakina kitu, hilo ndilo tatizo. Hebu kaa chini."

"Dada, sina hela."

"Nimekuomba?"

Chanuo halikuwahi kukosekana kwenye mkoba wa Msusi, kama vile wengine wasivyokosa funguo. Mpishi aliketi sakafuni kati ya magoti yake, vidole vikaanza. Ndani ya muda mfupi ile baraza iliyokuwa inanuka dawa na kukata tamaa ilichangamka. Mmoja aliuliza bei ya mistari ya kulala, mwingine akasema yeye angekuwa na nywele kama hizo asingevaa kitambaa hata msibani. Mwanamke mwenye mapacha alisimulia jinsi mumewe alivyokuja naye mara moja, akazimia kwa kuona sindano, ikabidi ahudumiwe yeye.

"Wangu mimi yuko safarini tangu mwaka juzi," alisema mwingine. "Nimlete hapa vipi? Nije na picha yake?"

Vicheko vilimtoa Sista ofisini. "Hapa ni zahanati au saluni?"

"Zahanati, Sista. Nasubiri huduma. Mikono tu haijazoea kukaa bure."

"Ondokeni ambao hamjatimiza masharti."

Mpishi aligeuza uso juu. Upande wa kulia alikuwa amependeza kama bibi harusi, wa kushoto nywele zimesimama kama zimeona simba. "Niondoke hivi?"

Na hapo Sista alikwama, kwa sababu kuna mambo ambayo hata mwenye sare nyeupe hawezi kuyafanya. Huwezi kumfukuza msusi akiwa katikati ya kichwa. Alimwita Msusi mlangoni kwa kidole. Msusi alikwenda, chanuo mkononi.

"Unadhani mimi ni mbaya," Sista alisema chinichini. "Mwaka jana nilimhudumia mwanamke kama wewe. Mumewe akaja. Nilipigwa hapahapa, miwani yangu ikakanyagwa, na mkubwa wangu akaniuliza kwa nini sikumwita mwanamume kwanza. Leo wako akija, nani atakayepigwa?"

Msusi hakulitarajia hilo. Alimtazama yule mama, akaona alama ndogo pembeni ya jicho ambayo miwani ilikuwa inaificha.

"Pole, Sista," alisema, na alimaanisha. "Sasa wewe unaogopa wanaume, na mimi naogopa kufa. Hebu tukae tuone hofu ipi itachoka kwanza."

Akarudi kwenye kichwa chake.

Alikuwa amebakiza mistari michache Fundi alipotokea. Kaka Mkubwa alikuwa amempigia simu tangu alfajiri: kamchukue mkeo. Langoni vijana wa pikipiki, wasiomjua, walimpokea kama mshindani.

"Mzee, hii kazi ina wenyewe," mmoja alimwambia. "Na umri wako, nani atakukodi?"

Aliingia na kicheko chao mgongoni. Baraza nzima ilimgeukia. Mashati ya Fundi yote yalikuwa na gundi mikononi, mtu angemjua popote, na Mama Mkaa alikuwa ameshafanya kazi yake. Sista alirudi nyuma hatua moja, akashika fremu ya mlango. Kisha alipoona hakuna rungu, alivuta pumzi.

"Ndiye mwenyewe huyu? Wa kweli? Afadhali! Ingieni basi wote wawili, tumalize."

Msusi hakuinuka.

"Siingii hivyo."

"Mama, si ndiye tuliyekuwa tunamsubiri?"

"Wewe ndiye uliyekuwa unamsubiri, Sista. Mimi nilikuwa nakusubiri wewe. Nikiingia sasa kwa sababu huyu kafika, huyu dada atabaki na nani? Si atatoka akamkodi Bwana Harusi?" Alikaza msuko wa mwisho, akaubana kwa kidole. "Niulize mimi. Kama utanipa, nipe kwa neno langu."

Sista alimgeukia Fundi. "Baba, unasemaje?"

Fundi alikuwa amekuja na maneno ya kaka yake, mazito, yamepangwa kama matofali. Alitazama benchi. Macho yote yale ya wanawake. Alimtazama mkewe, akaona namna alivyoinamisha shingo kwa uzito wa mtoto mgongoni, na mikono ile haisimami.

"Nimetumwa nimrudishe," alisema.

Benchi liliguna. Msusi hakuondoa macho kwake. "Haya. Nirudishe, basi."

Fundi alijikuna gundi kiganjani, ikatoka kipande, akakidondosha chini, akakiona kinafaa kutazamwa kidogo. Kisha akasogea, akafungua fundo la kanga kifuani mwa mkewe, akampokea mtoto.

"Nimekuja kushika mtoto," alisema. "Kwani ataingia naye?"

Mwanamke wa mapacha alikuwa wa kwanza kucheka. "Mpisheni shemeji akae!" Wakampisha.

Sista alibaki mlangoni. Aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la sare, ingawa haikuwa chafu. Alipoirudisha puani alimtazama Msusi peke yake.

"Umeamua mwenyewe?"

"Nimeamua."

"Umeambiwa damu ya mwezi inaweza kuvurugika? Kichwa kinaweza kuuma siku za mwanzo?"

"Niambie, nisikie."

"Ingia."

Ndani alimweleza yote, kwa utaratibu, kama mtu anayekumbuka kazi aliyoisomea. Kijiti hakitembei. Anaweza kukipapasa mwenyewe chini ya ngozi na kukiona kipo. Siku akitaka kitolewe aje, naye hataulizwa nani amemtuma. Kisha ikaja sindano ya ganzi, kisha msukumo mdogo ambao haukuuma, kisha bandeji. Msusi alikuwa amejiandaa kwa jambo kubwa zaidi. Alijifunika bega akiwa anacheka kimoyomoyo kwamba kitu chembamba vile kilikuwa kimeitisha kikao.

Dirisha lilikuwa wazi. Simu ya Fundi ililia nje, akaipokea huku mtoto anamvuta sikio.

"Ndiyo, kaka... Nimefika... Hapana, yuko ndani." Kimya. Upande wa pili ulikuwa na mengi ya kusema. "Sijamtoa, kaka. Namsubiri." Kimya tena, kifupi. "Watacheka. Si wameshacheka? Wacha nikate, mtoto analia."

Mtoto hakuwa analia.

Msusi alitoka ameshika mkono. Fundi aliinuka, akataka kuuliza kitu, akaishia kuuliza kama unauma. "Kidogo," alijibu, wakaanza kutafuta kanga iliyoanguka chini ya benchi.

Nyuma yao Sista alisimama mlangoni.

"Anayefuata!"

Hakuna aliyejitikisa. Wanawake walitazamana. Kisha mpishi wa shule aliinuka kutoka sakafuni, akakung'uta makalio, akajishika misuko mipya kana kwamba inampa urefu.

"Ni mimi, Sista. Lakini nimekuja peke yangu."

"Sijakuuliza," Sista alisema. "Ingia."